Viwavi wenye pembe nyekundu kwenye miche ya milimau: niwapulizie au niwaache?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Niko Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Nyuma ya nyumba nina miche 60 ya milimau na michungwa kwenye viriba, nategemea kuiuza, pamoja na milimau miwili mikubwa aliyoipanda marehemu baba mkwe. Tangu mwezi uliopita nakuta viwavi juu ya majani. Wadogo wanafanana kabisa na mavi ya ndege, wakubwa ni wa kijani. Juzi mwanangu wa miaka 7 alimgusa mmoja, akatoa pembe mbili nyekundu na harufu kali mno. Mama mkwe anasema pembe zile zina sumu kama meno ya nyoka. Jirani anasema ni viwavijeshi, nisipopuliza haraka watahamia kwenye mahindi na parachichi, na amenipa dawa aliyobakiza ya mahindi kwenye chupa ya soda. Sijapuliza. Mtoto naye analia nisiwaue kwa sababu shuleni wameambiwa viwavi huwa vipepeo, anataka amfuge mmoja. Nimesikia pia watu wa Tanga wanauza vipepeo. Halafu kuna majani yana vipele na mengine yana unjano, sijui kama ni kazi ya viwavi hao hao. Nifanye nini?"*

Mama, pole na hongera. Pole kwa miche, hongera kwa kutopuliza kabla ya kuuliza.

Kabla ya kiwavi, tuzungumzie chupa. Katika yote uliyoandika, kilichonishtua ni hiyo dawa ya mahindi iliyotiwa kwenye chupa ya soda ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka 7. Haina lebo, hujui ni dawa gani wala ina nguvu kiasi gani, na mtoto akiiona anaona soda. Iondoe leo. Usiimwage mtoni wala chooni. Mrudishie jirani aiweke kwenye chombo chake cha awali, au mpigie afisa ugani wa kata akuelekeze pa kuipeleka. Ikitokea, Mungu apishie mbali, mtoto ameinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri hali ibadilike. Kimbia naye hospitali na chupa mkononi, na jirani aseme ni dawa gani.

Sasa viwavi. Ulivyowaeleza, wadogo kama mavi ya ndege, wakubwa wa kijani, pembe nyekundu zenye harufu, na wote wako juu ya milimau, sina wasiwasi kwamba ni watoto wa kipepeo ambaye kisayansi anaitwa Papilio demodocus. Humu tumwite kipepeo wa milimau. Mzazi wao bila shaka umeshamwona: mkubwa, mweusi mwenye madoa mengi ya manjano, mabawa yakikunjuliwa yanafika sentimita 10 hadi 13, na kwenye bawa la nyuma kuna doa la duara lenye wekundu na buluu. Akifyonza maua hatulii, mabawa yanapiga muda wote. Yuko karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, kuanzia pwani hadi huku kwetu nyanda za juu.

Mtoto hana tatizo lolote. Zile si pembe, na wala si meno. Nyuma tu ya kichwa cha kiwavi, chini ya ngozi, kuna kifuko laini chenye panda mbili. Akiwa ametulia kifuko kimekunjwa ndani, huwezi kujua kipo. Ukimgusa anaubana mwili, damu inasukumwa mbele, na kifuko kinafumuka nje kikiwa kimeloa majimaji. Hakina ncha, hakidungi. Anapinda mgongo na kujaribu kumpaka yule anayemsumbua, na hatari ikipita anakirudisha ndani. Harufu yenyewe hubadilika kadiri anavyokua: akiwa mdogo hutoa zaidi mafuta yenye harufu ya mimea, na anapofikia ule umbo la kijani hutoa asidi zinazonuka kama siagi iliyochacha. Silaha hiyo imekusudiwa sisimizi, buibui na wadudu wengine wanaomwinda, wa saizi yao. Kwa binadamu ni kero ya pua tu. Mtoto anawe mikono kwa sabuni, asijifikiche macho kabla hajanawa, basi.

Hata hivyo mama mkwe usimpuuze, kwa sababu tahadhari yake ina mahali pake. Wapo viwavi wa kuogopwa, na wengi wao ni wenye manyoya. Manyoya yao huvunjikia kwenye ngozi na kuwasha vibaya, yakiingia jichoni ni shida kubwa zaidi. Mfundishe mtoto hivi: kiwavi mwenye manyoya haguswi, awe mzuri namna gani. Huyu wa milimau hana manyoya. Akiwa mchanga kabisa ana vijimiba laini mgongoni ambavyo havichomi, na baadaye ngozi inakuwa tupu.

Kwa jirani, naelewa alikotoka. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017 na kuharibu mahindi, kila kiwavi anayeonekana shambani huitwa jina hilo. Lakini wale ni watoto wa nondo, mdudu mdogo wa rangi ya kijivu anayeruka usiku na kutaga mayai kwa mafungu, akiyafunika kwa vinyoya. Kiwavijeshi vamizi ukimtazama usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kwa mraba. Hujificha ndani ya moyo wa muhindi, ukimfukua unakuta vumbi la kinyesi chake. Hana pembe. Wako anakaa waziwazi juu ya jani mchana kweupe, na mahindi hawezi kuyala hata ukimlazimisha.

Hilo la kutoweza kula ndilo linalokuondolea hofu ya parachichi, kwa hiyo nilieleze vizuri. Anayechagua chakula ni mama yao. Jike la kipepeo huyu likitua kwenye jani hulipigapiga kwa miguu ya mbele. Miguuni kuna viungo vya kuonja, na kwa kulikwaruza jani anapata ladha ya kemikali zilizomo. Kama si jani la jamii anayoitaka, anaruka. Kama ndilo, anapinda tumbo, anabandika yai moja, anahama. Haweki mayai mengi pamoja, ndiyo maana viwavi wako wametawanyika, huyu mche huu, yule mche ule. Jamii anayoitaka ni ya mlimau, mchungwa, mndimu, mchenza na mbalungi, pamoja na ndugu zao wa porini kama mjafari. Parachichi ni ukoo mwingine kabisa. Mahindi, maharage, ndizi na chai vivyo hivyo. Ukimhamishia kiwavi kwenye jani la parachichi atazunguka na kufa njaa.

Kuna tofauti moja naona niitaje. Kule Rasi, Afrika Kusini, kipepeo huyu hutaga pia kwenye mimea ya jamii ya shamari, ambayo kemikali zake zinakaribiana na za milimau. Shamari ni ndugu wa karoti na giligilani. Kwa hiyo ukimkuta siku moja pembeni ya tuta la karoti usishangae sana, ila usiuzie mtu hofu.

Tena ukumbuke kwamba mgeni hapa ni mlimau. Asili ya jamii ya michungwa ni Asia, ililetwa Afrika na watu. Kipepeo alikuwepo tangu zamani akiishi kwenye vichaka vya msituni vya jamii hiyo. Binadamu alipoanza kupanda milimau mlangoni, jike likapiga mguu kwenye jani, likakuta ladha ileile, tena majani mengi na laini. Kwako amekuta miche 60 imesimama pamoja, imemwagiliwa, kila mmoja una machipukizi. Huko msituni angezunguka sana kupata chakula cha namna hiyo.

Ule mfanano na mavi ya ndege, mama, ni moja ya kazi nzuri ambazo mtu anaweza kuziona bila kutoka uani kwake. Mchukue mtoto asubuhi, mtafute kiwavi wa urefu usiozidi sentimita mbili, mwangalieni kwa karibu. Mwili ni wa kahawia iliyokolea, unang'aa kana kwamba umeloa, na katikati ya mgongo kuna baka jeupe lililokaa kama tandiko, kama ule weupe unaokuwa kwenye mavi halisi. Hata ukaaji wake, amejikunja kidogo juu ya jani, wazi kabisa. Ndege anayetafuta chakula hana haja na kinyesi chake mwenyewe, anapita. Ujanja huo una mwisho lakini, kwa kuwa kiwavi akifika sentimita nne hakuna ndege mdogo anayeacha kinyesi cha ukubwa huo. Kwa hiyo anapojivua ngozi mara ya mwisho akiwa kiwavi, anatoka kijani, na mabaka ya mshazari ubavuni yanayovunja umbo lake. Sasa anajificha kwa kufanana na jani. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, wakimchunguza ndugu yake wa Asia aitwaye Papilio xuthus, walionyesha kwamba badiliko hilo huongozwa na homoni ya utoto: ikiwa nyingi mwilini, ngozi inayofuata inabaki ya mavi ya ndege, na ikishuka katika kipindi fulani, ngozi inayofuata inakuwa ya kijani.

Huyo wa kijani ndiye mwenye kula. Sehemu kubwa ya majani yote anayoyala maishani huyala katika hatua hiyo ya mwisho, baada ya hapo anatoweka. Wengi hudhani ameliwa au amekufa, kumbe ameshuka kwenye mche na kwenda kutafuta mahali pa kugeuka pupa: kwenye uzio, chini ya dirisha, kwenye kijiti. Anabandika mkia kwa hariri, halafu anajizungushia uzi mmoja kiunoni na kuegemea nyuma, kama fundi umeme aliyejifunga mkanda juu ya nguzo. Pupa yake huwa ya kijani au ya kahawia kutegemeana na mahali alipojishikiza. Kwenye joto huchukua wiki mbili tatu kutoka kipepeo. Huku kwetu mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, ambako Juni na Julai watu wanalala na mablanketi mawili, kila hatua inaenda polepole, na pupa anaweza kukaa muda mrefu zaidi. Mdudu hana joto lake mwenyewe, anategemea la hewa.

Je, uwaue? Jibu langu ni mawili, moja la milimau mikubwa na jingine la miche.

Ile miwili ya marehemu baba mkwe iache kabisa. Mti mkubwa una maelfu ya majani. Viwavi kumi wakila machipukizi, mti unachipua tena, na mavuno yako ya malimau hayatayumba kwa sababu yao. Atakayekuambia upulize mti mzima wenye afya kwa ajili ya viwavi hawa anakupotezea fedha. Na kuna hasara usiyoiona. Kipepeo huyu ana maadui wengi wanaokufanyia kazi bure. Kuna nyigu wadogo sana, wadogo kuliko sisimizi, wasiouma mtu, ambao hutaga ndani ya mayai yake. Wengine humvizia kiwavi anapokaribia kugeuka, na pupa ikiwa bado laini huichoma na kutaga ndani. Ukikuta pupa imekauka rangi ya kahawia na ina tundu dogo la duara, ujue kundi zima la nyigu limetokea humo badala ya kipepeo mmoja. Dawa kali ya mahindi inawaua hao kwanza, na inaua nyuki ukipuliza wakati wa maua. Msimu unaofuata unabaki wewe na bomba lako.

Miche ni hadithi nyingine, nami sitakudanganya kwa kuwa napenda vipepeo. Mche wa urefu wa kiganja una majani machache. Viwavi wawili watatu wakifika hatua ya kijani wanaweza kuuacha kijiti kitupu, na mche wa hivyo hupati mnunuzi. Lazima uulinde. Kwa miche 60, njia bora ni mikono. Kila baada ya siku mbili, asubuhi, pita kiriba kwa kiriba ukitazama machipukizi tu, maana jike hutaga kwenye majani machanga. Mayai ni ya duara, ya manjano hafifu, madogo kama kichwa cha pini, na huwa meusimeusi yakikaribia kuanguliwa. Ukiona yai, lipanguse kwa kidole. Kiwavi mdogo, mhamishie kwenye mlimau mkubwa, asubuhi hiyo hiyo, umweke juu ya jani changa. Atakula, hata kama wengi wao wataliwa na ndege na nyigu. Mtoto atafurahi, na miche itapona. Hii ndiyo kazi ninayoona inamfaa mtoto wa miaka 7 kuliko kulia.

Ukitaka kupunguza kazi, funika tuta la viriba kwa wavu mwepesi ulioinuliwa kwa fito, ili usigusane na majani, maana jike anaweza kutaga kupitia matundu kama jani limegusa wavu. Angalia kwanza kama kuna mayai ndani, vinginevyo utakuwa umewafugia humo humo na kuwakinga na maadui zao.

Kama siku moja utakuwa na miche elfu kadhaa na mikono haitoshi, kuna viuatilifu vinavyotengenezwa kwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Kiwavi lazima ale jani lililopuliziwa, na hufanya kazi vizuri kwa wale wadogo, hivyo ukisubiri wawe wa kijani umechelewa. Kwa nyuki na binadamu ni salama zaidi kuliko dawa za kawaida za viwavi. Uliza duka la pembejeo, ununue chenye lebo na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Utupa nao, ambao wakulima wengi wa kwetu huutwanga majani na kupuliza, unaua viwavi, ila usiuchukulie kuwa hauna madhara kwa kuwa ni jani: ndio huo huo watu waliokuwa wakiutumia kuvua samaki kwa kuwalewesha mtoni. Ukiutumia, uwe mbali na bwawa na kijito, na vyombo vyake visirudi jikoni. Sabuni ya unga iliyokorogwa na mafuta ya taa, ambayo najua kuna mtu atakushauri, inaunguza majani machanga. Usijaribu.

Nimeacha jambo la vipele na unjano kwa makusudi, kwa sababu linahitaji nafasi yake, na kwa maoni yangu ndilo lingepaswa kuwa swali lako la kwanza. Kiwavi wa kipepeo anakula jani: unakuta pembeni limemegwa, au limebaki uti wa katikati. Hatengenezi vipele, na haleti unjano. Geuza jani lenye vipele uangalie upande wa chini. Kama kila kipele cha juu kina kishimo chini yake, na ndani ya kishimo kuna kidudu bapa cha manjano kilichotulia, huyo ni Trioza erytreae, mdudu mdogo anayenyonya utomvu. Mkubwa wake ana mabawa angavu na unaweza kumdhania kidukari. Anapenda baridi na unyevu, yaani Rungwe ni nyumbani kwake.

Vipele peke yake haviui mti. Tatizo ni kwamba mdudu huyo hubeba bakteria wa ugonjwa mbaya wa michungwa, ambao nao hushamiri kwenye maeneo ya ubaridi. Jani la mti ulioambukizwa huwa na unjano usiolingana, upande huu wa uti una baka ambalo upande wa pili halipo. Ukiona unjano unaolingana pande zote mbili, kati ya mishipa, mara nyingi ni upungufu wa madini kama zinki, na huo unarekebishika. Kwa mti unaozaa angalia na matunda: mti mgonjwa hutoa matunda madogo yaliyokaa upande, yanayobaki na ukijani upande mmoja, na ukiyapasua mbegu nyingi ni nyeusi na zimesinyaa. Mti ukishaugua hauna tiba. Hung'olewa, ili usiwe chanzo cha kuambukiza mingine. Na kwa kuwa ugonjwa hupita pia kwenye vikonyo, yaani vijiti vya kubebeshea, kama unabebesha miche kwa vikonyo kutoka kwenye ile milimau miwili mikubwa, simama kwanza mpaka ijulikane kama iko salama. Kuuza miche yenye ugonjwa huo ni kuupanda kijiji kizima.

Hata hapo dawa ya jirani si suluhisho la kukurupukia. Vile vidudu navyo vina nyigu wao. Kisiwani Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, walimleta nyigu mmoja kutoka bara la Afrika, Tamarixia dryi, naye akawamaliza Trioza waliokuwa wakiitesa michungwa ya kule. Kwa miche michache, kata machipukizi yenye vipele na uyachome, na uitenge miche yenye unjano.

Kumfuga mmoja, mruhusu mtoto. Chukueni chombo kikubwa chenye mdomo mpana, kifunikeni kwa kitambaa cha chandarua, msiweke maji ndani. Kiwavi apewe majani mabichi ya mlimau kila siku, yasiyopuliziwa kitu, na kinyesi kitolewe kila asubuhi maana uchafu na unyevu huwaletea ugonjwa. Wekeni kijiti kilichosimama kwa mshazari. Siku akiacha kula, akatoa kinyesi cha majimaji na kuanza kuhangaika huku na huko, si mgonjwa, anatafuta pa kujifunga. Msimguse hapo. Kijiti kiwe na nafasi chini na pembeni, kwa sababu kipepeo akitoka mabawa yake yamesinyaa kama karatasi iliyoloa, lazima aning'inie huku akiyajaza maji ya mwili mpaka yanyooke. Akikosa nafasi yatakauka yamepinda na hataruka maisha yake yote. Akitoka nyigu badala ya kipepeo, mwambieni mtoto mapema kwamba hilo hutokea, asidhani amemkosea.

Biashara ya kuwauza usiiwekee matumaini. Wale wa Tanga ni wanakijiji wa Amani, wilaya ya Muheza, waliokuwa wakifuga vipepeo wa msituni na kusafirisha pupa kwenda kwenye maonyesho ya nje. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, kipato chao kilikatika. Ni shughuli ya vibali na wanunuzi maalumu, na kipepeo wako ni wa kawaida mno. Miche ndiyo mtaji wako.

Wiki hii mwite afisa ugani wa kata aje aitazame miche na ile milimau miwili, si kwa ajili ya viwavi bali kwa ajili ya vipele na unjano. Akiona dalili nilizozitaja, mwombeni ushauri TARI Uyole, Mbeya mjini, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho karibu nanyi. Msibebe mche mzima kwenye basi, maana mdudu atasafiri nao. Piga picha za jani juu na chini, na kama wakihitaji sampuli, weka majani machache kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ukiandika yametoka mti upi. Mpaka upate majibu, usiuze hata mche mmoja wenye unjano, hata mnunuzi akikubembeleza kwa bei nzuri. Na mtoto akipata uvimbe, malengelenge au jicho jekundu baada ya kuchezea kiwavi wa aina yoyote, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ukiweza mbebe kiwavi mwenyewe kwenye kichupa wamwone.